Adhana ya Alasiri na Nyimbo Nane

Nilikwenda msikitini kulalamika. Sikwenda kwa ubaya. Nilivaa shati lililopigwa pasi, nikavua kofia kabla sijafika langoni, na njia nzima nilikuwa nikijikumbusha namna ya kusalimia. Lakini nilichobeba kilikuwa lalamiko, na sikuona haja ya kulipamba. Nilitaka kumwambia muadhini kwamba siku hizi anaadhini alasiri mapema mno, na kwamba anaivuruga bendi yangu.

Mimi ni mpiga ngoma. Sisemi zile za kuchezwa kwa njuga, nasema seti ya bendi: ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ile ndogo inayokaa kati ya mapaja, mbili za katikati na matoazi matatu ya shaba. Nilianza nikiwa kijana wa Shauri Moyo na sasa nimetimiza miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na ushei nimekuwa kiongozi wa bendi ya jazi, bendi kubwa, yenye safu ya matarumbeta na tromboni, safu ya saksafoni, piano, besi na tumba. Tulikuwa kumi na wanne. Sasa tuko tisa. Wengine wamefariki, wengine wamerudi magharibi kulima, na mmoja ameokoka, akituona barabarani huvuka upande wa pili.

Nimechoka, na ni heri niseme mapema. Mtu anayeiona bendi jukwaani imevaa suti za rangi moja hajui kwamba tuliingilia mlango wa jikoni, tukapanda ngazi za nyuma za hoteli na ngoma mabegani huku mpishi akitufokea tusiguse sufuria zake. Nimewapigia watu wanaokula, wanaogombana, wanaosinzia. Nimewapigia mabwana harusi ambao baadaye waliniita tena niwapigie watoto wao, na bado hawakujua jina langu. Kiuno changu kimekaa juu ya kigoda kisicho na egemeo kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa mezani na wanangu. Na jazi yenyewe hapa kwetu haina wenyewe wengi. Watu wakiisikia huuliza kama tunaweza kuwapigia rumba, nasi tunaweza, kwa hiyo tunawapigia. Lakini Jumamosi mchana ilikuwa yetu.

Kila Jumamosi, saa nane na nusu kamili, tunaanza mazoezi katika ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo. Tunapiga nyimbo nane, zile zile, kwa mpangilio ule ule, bila mtu kujiongezea madoido. Huo ndio ugali wetu, mboga huja baadaye. Ng'ambo ya barabara kuna msikiti, na wapiga saksafoni wetu wawili ni Waislamu, mmoja mzaliwa wa hapa hapa, mwingine aliletwa mdogo na wazazi waliokimbia vita kwao. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba adhana ya alasiri ikianza, kila mtu anaweka ala chini, hata kama ameshika noti tamu kuliko zote. Wale wawili wanavuka kwenda kuswali, sisi wengine tunakunywa chai kutoka kwenye chupa kubwa, wakirudi tunaendelea. Hatukuandika popote, na hakuna aliyewahi kuvunja.

Miaka ya mwanzo adhana haikuwahi kutukuta tukipiga. Nyimbo nane zilikuwa zinaisha, tunafuta jasho, wenye matarumbeta wanamwaga mate yaliyokusanyika ndani ya ala, chai inamiminwa na kupoa kidogo, ndipo muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Nilipenda sana kile kikohozi. Kikija wakati nina kikombe mkononi nilijua mambo yako sawa.

Ukumbini kuna saa ya ukutani, lakini sisi hatukuwa tukiiangalia. Kiongozi aliyenifundisha kazi, ambaye nilirithi kiti chake na seti yake, alikuwa akiingia tu anavua koti na kuifunika. Alisema bendi yenye saa mbili haifiki popote, na saa ya bendi ni mpiga ngoma. Ukijikuta mbele yake, umekimbia wewe. Ukijikuta nyuma yake, umelala wewe. Yeye hakosei. Nilipoketi mahali pake nikaendelea kuifunika saa kwa koti langu mwenyewe, na ile sheria nikaishika kwa ukali kumshinda. Ngoma hukaa nyuma, juu ya jukwaa dogo la mbao, na wapulizaji hukaa mbele wakinipa mgongo. Kwa hiyo miaka yote hiyo niliwajua watu wangu kwa visogo. Ningeweza kukuambia nani amenyolewa jana na nani amegombana na mkewe kwa kuangalia shingo tu.

Kisogo nilichokijua kuliko vyote kilikuwa cha mpiga tarumbeta wa kwanza. Tulikulia safu moja ya nyumba za baraza la jiji, baba yangu akifanya kazi reli na baba yake akifagia afisi za jiji. Tulijifunza pamoja katika bendi ya kanisa, ile ya kuandamana Jumapili asubuhi kwa sare, mimi na ngoma iliyoning'inia shingoni na yeye na tarumbeta lililobonyea. Alinisimamia harusini. Mama yangu alipofariki, ndiye aliyempigia kaburini, kwa sababu mimi siku ile sikuweza kupiga chochote.

Miaka sita iliyopita nilimfukuza.

Alikuwa ameanza kukimbia. Ndivyo nilivyosikia mimi. Katika kila wimbo tarumbeta lake lilikuwa linafika kabla yangu, kidogo tu, upana wa ukucha, lakini kwa mpiga ngoma jambo hilo ni jiwe ndani ya kiatu. Nilimwonya pembeni. Akasema amesikia, na Jumamosi iliyofuata akakimbia tena. Hali hiyo ikaenda karibu mwaka mzima. Siku ya mwisho nilisimamisha bendi mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia mbele ya watu wote kwamba kama ana haraka, basi akakimbilie nje na asirudi. Alilifuta tarumbeta lake polepole, akalilaza ndani ya kasha, akasema, "Sawa, kiongozi." Hakugeuka kuniangalia. Hakuna aliyesema neno, hata mpiga tumba wetu, mama anayeuza mitumba Gikomba, ambaye hukaa ubavuni mwangu na huwa na neno kwa kila jambo. Tarumbeta la kwanza nikampa mtu mwingine, mtulivu, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi tena kufika kabla yangu. Nikadhani nimeiponya bendi.

Mwaka uliofuata ndipo adhana ilipoanza kutukuta. Kwanza ilitukuta tukimwaga mate, chai haijamiminwa. Baadaye ikatukuta kwenye pigo la mwisho la wimbo wa nane. Mwaka jana ikawa inatukuta katikati ya wimbo wenyewe, na wa nane ndio tunaoupenda, ndio unaomalizika kwa tarumbeta kupiga peke yake. Jumamosi baada ya Jumamosi tuliukatia njiani, watu wakakaa kimya na ala mapajani, nami nimeshika vijiti na hasira nisiyojua niipeleke wapi. Nilimlaumu mlinzi wa ukumbi kwamba anachelewa kufungua. Akaanza kufungua mapema. Nikawalaumu wapiga saksafoni kwamba wanapiga soga kati ya wimbo na wimbo. Wakaacha soga. Ukabaki msikiti. Muadhini wa zamani alikuwa amezeeka na kumwachia mwingine, na nikajiambia huyu mpya ana pupa ya ugeni.

Basi nikaenda, Jumatano asubuhi. Muadhini alikuwa mtu wa makamo, mwenye duka la vitambaa vya jumla, na nilimkuta akifagia mahali pa kuvulia viatu. Alinikaribisha kwenye benchi nje, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaniuliza habari za bendi. Kumbe hutusikia kila wiki. Nikamweleza shida yangu kwa adabu zote nilizonazo. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyobandikwa juu ya kadibodi, ratiba ya swala ya mwaka mzima, pembe zake zimechakaa kwa kushikwa.

Alinieleza kwamba alasiri hufuata kivuli cha jua. Husogea dakika chache huku na huku kadiri miezi inavyopita, lakini mwezi huu mwaka huu ni sawa na mwezi huu mwaka wowote. Karatasi yenyewe aliikuta hapo, na aliyemtangulia aliitumia miaka ishirini. Niliiangalia. Nikauliza kama saa yake ya mkononi iko sawa. Akanyoosha mkono, nami nikatoa simu yangu, tukaziweka pamoja, na zilikuwa sawa.

"Mzee wangu," akasema, "jua halijaongeza haraka. Labda nyinyi mmezidisha nyimbo?"

"Ni nane," nikamjibu. "Ni zile zile."

Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia ufagio wake. Nadhani alielewa kabla yangu na akaona haya kwa niaba yangu. Nilishukuru nikaondoka, nikasahau kofia kwenye benchi, akanifuata nayo hadi barabarani.

Nyumbani ni Mowlem siku hizi, na njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu ile ile. Nyimbo hazijaongezeka. Karatasi za muziki ni zile zile, mizunguko ni ile ile, saa ya kuanza ni ile ile. Kama nane hazitoshi tena mahali zilipokuwa zinatosha, basi kilicholegea ni mwendo. Na mwendo ulikuwa na mwenyewe mmoja.

Mke wangu alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Sikumsalimu vizuri. Nilitoa redio ya kaseti chini ya kitanda, pamoja na kanda ambayo mpiga piano wetu, Mungu amrehemu, alirekodi ukumbini miaka ishirini iliyopita. Nikakaa, nikashika vijiti, nikaanza kufuata kwa kupiga mkono wa kochi. Wimbo wa kwanza tulienda sambamba. Wa pili, ambao ni wa haraka, ulinishinda kabla haujafika nusu. Mkono wa kulia ulikuwa unafika, lakini unafika baadaye, na ndani ya kanda mwanamume mwenye jina langu alikuwa anapiga bila taabu yoyote, tena anatania watu kati ya mapigo. Nilijiambia kanda imeharibika, inazunguka kwa kasi. Nikairudisha nyuma, nikasikiliza nilivyohesabu kuanzisha wimbo. Sauti ilikuwa yangu, nene kama ninavyoijua. Kanda haikuwa na kosa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. "Sasa umesikia," akasema.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Huyu ni mwanamke ambaye alikuwa akija kila tulikopiga, anacheza mbele ya jukwaa na rafiki zake au peke yake, kwa sababu mumewe yuko juu na vijiti. Hatukuwahi kucheza pamoja, hata siku ya harusi yetu, maana bendi ilikuwa yangu na hapakuwa na mwingine wa kupiga. Miaka saba iliyopita aliacha kucheza. Alisema ni magoti. Nilimnunulia dawa ya kuchua, na jioni nilikuwa nikimchua mwenyewe, yeye ananyamaza anaangalia dari.

"Magoti yangu ni mazima," akasema. "Nilichoka kusimama na mguu hewani nikikungoja."

Iliniuma. Sitaki kujifanya mzee mwenye hekima aliyepokea habari kwa utulivu, iliniuma mpaka nikataka kumrushia vijiti. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akaniuliza kama ningekubali, na wote wawili tulijua jibu. Akarudi kwa unga wake, na kutoka huko jikoni akasema kwamba mtu mmoja alijaribu kuniambia, na mtu huyo nilimfukuza.

Usiku huo na uliofuata sikupata usingizi wa maana. Nilikumbuka ile Jumamosi tena na tena, kisogo chake, mkono wake ukifuta tarumbeta. Kwa miaka sita nilikuwa nikijipa haki. Sikuwahi kumtafuta, na tulipokutana matangani tulipeana mikono kama watu walioletwa na mabasi tofauti. Sasa nilijua kwamba nilimwaibisha mtu asiye na kosa, mtu wangu wa karibu kuliko ndugu, na kwamba kama nikifa kabla ya kumrudisha mahali pake, basi bendi yote niliyoijenga itakuwa imesimama juu ya uongo wangu. Nilitaka arudi. Sikuwa na haja nyingine.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Pipeline, anakoishi na binti yake tangu astaafu. Ni ghorofa ya saba, na ghorofa za kule hazina lifti. Ngazi ni nyembamba na za giza hata mchana, mitungi ya maji imepangwa kila kona, nguo zinaning'inia mpaka zinakugusa usoni. Nilipanda nikishika ukuta. Nilipofika ghorofa ya nne nikasikia tarumbeta. Lilikuwa limezibwa mdomo, sauti inatoka ndogo kama iliyofunikwa na blanketi, lakini niliujua wimbo mara moja. Ulikuwa wa tatu katika zile nane. Nilijaribu kupanda kwa mwendo wake, hatua moja kwa kila pigo, na miguu ikakataa. Wimbo ukaisha nikiwa kwenye ngazi za ghorofa ya sita, nikakaa chini juu ya mtungi wa mtu nipate pumzi.

Alinifungulia mwenyewe. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, tambara limeingizwa kwenye mdomo wa tarumbeta ili asimwamshe mtoto wa jirani. Hakushangaa. Aliniambia niingie, akaondoa nguo kwenye kiti, akanipa maji kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema machache tu, kwamba nimesikiliza kanda ya zamani, na kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa sababu hakuwa anakimbia.

"Nilikuwa nakimbia," akasema.

Nikamwambia asinifariji. Ni mimi niliyekuwa nachelewa.

"Ulikuwa unachelewa, hiyo najua. Na mimi nilikuwa nakimbia. Makusudi, buda."

Kisha akanieleza, taratibu, bila kuniangalia, akibonyeza na kuachia vitufe vya tarumbeta. Aliusikia mwendo ukilegea mapema kabisa, mwaka mzima kabla sijamfukuza. Aliwaza aniambie, akakumbuka ile sheria ya koti na saa, akaona nitamwondoa. Basi akafikiria njia nyingine. Kama angeingia kabla yangu kidogo katika kila wimbo, ningekasirika, na nikikasirika mkono wangu huamka. Na kweli uliamka. Kwa mwaka ule mzima alinivuta hivyo, Jumamosi hadi Jumamosi, harusi hadi harusi, akirudi nyumbani na midomo iliyochubuka, na bendi yote ilijua anachokifanya isipokuwa mimi. Nilipomwonya, alisema amesikia kwa sababu hakuwa na la kusema. Nilipomfukuza, wenzake walinyamaza kwa sababu walimwona amenyamaza. Na alipoondoka, hakukuwa na mtu mwingine wa kunivuta. Walifanya kilicho rahisi, wakanifuata.

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo, alikuwa ameniona nikilia kabla. Aliniacha nimalize. Mtoto wa jirani aliamka, mama yake akaanza kumbembeleza upande wa pili wa ukuta.

Nikamwomba arudi. Nikamwambia kiti chake ni chake, na nitasema mbele ya watu kwamba nilikosea, kama nilivyomfukuza mbele ya watu.

Alitikisa kichwa. "Nikirudi nikukute pale nyuma nitakuvuta tena," akasema. "Na mimi hiyo nguvu sina sasa. Siku utaniambia kuna mtu mwingine amekaa hapo, nitakuja. Hata kesho."

Hakusema kwa kisasi. Angesema kwa kisasi ningeweza kumkatalia. Nilimuaga, nikashuka ghorofa saba, na nikiri, nilipokuwa nikishuka nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilijiambia bendi haijalalamika. Nilijiambia mabwana harusi hawajui tofauti. Nilifika hata kufikiria kwamba tukianza saa nane na robo badala ya saa nane na nusu, nyimbo nane zitaisha kabla ya adhana, chai itamiminwa, na hakuna mtu atakayehitaji kujua lolote. Nilikaa na wazo hilo hadi jioni. Lilikuwa wazo zuri, na nikaona ni koti jingine la kuifunika saa. Kabla ya kulala nilimpigia simu mpiga tarumbeta. Nikamwambia kiti cha ngoma kina mtu mwingine. Hakuuliza ni nani.

Jumamosi nilifika ukumbini mapema. Nilivua koti, nikasimama nalo chini ya ile saa, nikalitundika kwenye msumari wa mlangoni. Wenzangu walipoingia waliiangalia saa, wakaangaliana. Mpiga tumba alikuwa ameanza kukaza ngozi za tumba zake. Ni yeye hupiga ngoma kanisani kwao kila Jumapili, na kwa miaka kumi na saba ameketi hatua moja kutoka kwangu, akinisikia kuliko mtu yeyote. Nilimpa vijiti. Hakuvipokea mara moja.

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mbele," nikasema.

Akapanda, akakiteremsha kigoda kwa sababu mimi ni mrefu, akasogeza toazi moja karibu. Kumwona akikiteremsha kile kigoda kulinishinda, nikageukia dirisha. Nilipogeuka tena, mpiga tarumbeta alikuwa mlangoni na kasha lake. Nilisema nilichoahidi kusema, kwa sauti, kwamba miaka sita iliyopita nilimfukuza mtu kwa kosa langu mwenyewe. Yule mtulivu aliyeshika nafasi yake alihamia kiti cha pili bila kuambiwa. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani. Sikumwalika, alikuja tu.

Saa nane na nusu nikainua mkono, mpiga tumba akahesabu kwa vijiti, tukaanza.

Sikuwahi kuwaona watu wangu wakipiga. Nataka hilo lieleweke. Miaka thelathini na ushei nilikuwa nawasikia, sikuwa nawaona. Sikujua kwamba mpiga tromboni hufumba jicho moja. Sikujua kwamba mmoja wa wale wa saksafoni huinua nyusi kila anapovuta pumzi, kama mtu anayeulizwa jambo. Na wote wamezeeka. Visogo vilinificha hilo. Nilitikisa mkono kuwaongoza, kama nilivyoona viongozi wengine wakifanya, na kabla wimbo wa pili haujafika nusu nikagundua kwamba mkono wangu uko nyuma yao. Nikauharakisha, ukabaki nyuma. Hakuna aliyekuwa anauangalia. Walikuwa wanafuata ngoma, kama nilivyowafundisha. Katika wimbo wa tano niliushusha, na hakuna kilichoharibika.

Wimbo wa nane ulipoanza, mke wangu aliweka mkoba kwenye benchi, akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mikono. Nikamwambia sijui kucheza. Akasema anajua kwamba sijui. Tukaanza. Miguu yangu ilikuwa inachelewa kama mkono, na baada ya hatua chache nilihisi anapunguza, anazuia mwili wake ili nimfikie. Hakufanya kwa kuonekana. Alifanya kwa upole, kidogo kidogo, na nikaelewa kwamba hivi ndivyo walivyonifanyia wote.

"Usinifuate," nikamwambia. "Fuata ngoma."

Akafuata ngoma. Aliniacha hatua moja, kisha mbili, magoti yake mazima yakipanda na kushuka, nami nikabaki nimeshika vidole vyake tu, nikivutwa. Mwishoni tarumbeta lilipiga peke yake, kipande ambacho tulikuwa tukikikatia njiani kwa zaidi ya mwaka, na lilipokoma ukumbi ukawa kimya. Adhana haikuwa imeanza. Tulikuwa na dakika ambazo hatukujua tena la kufanya nazo. Watu wakamwaga mate, wakafuta jasho, wale wawili wakaanza kukunja mikono ya mashati kwa ajili ya udhu. Mpiga tarumbeta akanimiminia chai, akaniletea, akakaa karibu yangu tukiipuliza. Mpiga tumba alikuwa bado ameketi pale nyuma, vijiti mapajani, hajui kama anaruhusiwa kushuka.

Nilikuwa nimekunywa nusu ya kikombe wakati ng'ambo ya barabara muadhini alipokohoa kwenye kipaza sauti, kwa wakati wake ule ule.